Maji ya Saa Kumi

Mume wangu alikuwa na kisukari na alikuwa mbishi, na kati ya maradhi hayo mawili, yaliyonitesa zaidi ni hayo ya pili. Daktari wa Unguja alishamkataza kufunga. Daktari wa Guangzhou, huko Uchina, tuliyekwenda kwake na mkalimani, akamwambia vile vile. Yeye akawaitikia wote wawili kwa adabu, kisha Ramadhani ilipoingia akafunga. Kila daku alimeza kidonge chake na kula kama mtu anayepakia kontena, na kila alasiri mimi nilimtazama mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyoanza kutetemeka sukari ikishuka. Nilitembea na pipi mkobani kama mtu mwenye watoto, nasi watoto hatukuwa nao.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulipanga chumba Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, tukinunua mabegi kwenye viwanda vya Shiling na kuyasafirisha nyumbani. Mwaka ule kumi la mwisho la Ramadhani liliangukia Mwaka Mpya wa Wachina. Viwanda vikazimwa, wenye maduka wakaenda kwao, ofisi ya mizigo ikabandika karatasi nyekundu mlangoni na kufunga. Tukabaki sisi na televisheni. Ndipo mume wangu alipoona kipindi cha kinamasi kimoja cha Amerika ya Kusini: wageni wamekaa kwenye mashua, kiongozi wao anawaonyesha mamba, korongo warefu kama milingoti, na chui wa huko amelala ukingoni mwa mto hana habari na mtu. Maneno yalikuwa ya Kichina na hakuambulia hata moja, lakini alikitazama mpaka mwisho.

"Siku moja ntakupeleka," akaniambia.

"Nipeleke kwanza kwetu nikamwone mama," nikamjibu.

Msichana aliyekuwa akituuzia mabegi alikuwa amekosa tikiti ya treni ya kwenda kwao, naye pia anazurura tu. Mume wangu alipomsimulia kile kipindi, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, msichana akacheka. Alikuwa na Kiswahili cha kuokota kwa wateja, na alimwita laoban, yaani bosi, kama wanavyomwita kila mnunuzi.

"Laoban, kwa nini kwenda mbali? Hapa ipo! Maji, matope, ndege mingi. Mimi peleka. Two days, no problem."

Hivyo ndivyo tulivyopata likizo yetu na kiongozi wetu. Tulipanda basi kuelekea kusini, kule mto unakotawanyika vijito vingi kabla ya kufika baharini, tukalala kwa mama mmoja mwenye nyumba kando ya tuta la kuzuia maji. Siku ya kwanza tulitembea juu ya tuta na darubini ya kuazima. Kulikuwa na baridi ya manyunyu. Tuliona yangeyange, mnandi wameanika mbawa juu ya miti ya uvuvi, na vitwitwi wasiohesabika wakikimbia matopeni. Msichana alikuwa na kijitabu cha picha, akitutajia majina kwa Kichina. Nikimtazama mume wangu usoni nilimwona amekuwa kijana. Niseme kweli, nilifurahi, na nikasahau kidogo kumtazama mikono.

Ndege aliyemtaka yeye alikuwa domomwiko. Wa kwetu ana uso mwekundu. Wa huku, kijitabu kilionyesha, uso wake ni mweusi tititi, na huja kutoka kaskazini msimu wa baridi tu.

"Mwenzetu huyo," mume wangu akasema. "Mweusi, kaja Guangzhou kutafuta riziki. Lazima tukamsalimie."

Basi siku ya pili, ambayo kwa Wachina ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, tukapanda mashua. Mwenye mashua alikuwa mzee wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kubeba matete kwenye mto mkubwa. Kule kwenye vijito vya matope hakuwa na mazoea ya kwenda. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mchana arudi, kwa kuwa usiku wa mkesha ukoo mzima hukaa meza moja. Kwenye omo, kule mbele ya mashua, alikuwa na kijimadhabahu chekundu cha mungu wake wa mto, udi unafuka, na mbele yake sahani ya machenza na vipande vya boga vilivyokaushwa kwa sukari. Mume wangu alivitupia jicho moja, akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Kikapu changu cha futari nilikiacha kwa mwenye nyumba, na mkoba wangu ndani yake usije ukaloa. Tulikuwa turudi adhuhuri.

Tulimwona domomwiko. Si mmoja, kundi zima, wamesimama kwenye maji haba mbali nasi, wanafagia matope kwa midomo kushoto na kulia kama watu wanaokoroga uji. Mume wangu alishika darubini na hakuiachia tena. Walikuwa mbali mno, nyuso hazikuonekana vizuri, naye alitaka kuziona nyuso. Mchana ukafika. Mzee akamwambia msichana jambo, msichana akamwambia mume wangu.

"Laoban, yeye taka rudi. Familia ngoja."

"Mwambie asubiri kidogo. Maji yakijaa, ndege watasukumwa huku kwetu. Tutawaona kama tunavyokuona wewe."

Mimi nikamuuliza amejuaje kuwa yatajaa.

"Usinfunze maji, bibi we. Mie nimezaliwa maji yako mlangoni. Mwezi uko ukingoni, hili bamvua, maji makubwa. Bamvua maji hupwa saa nne na hujaa saa kumi. Hayajapata kujaa saa nyengine tangu babu yangu."

Na kweli, nyumbani ndivyo ilivyo. Kila mtoto wa pwani ya kwetu analijua hilo kabla ya kujua alifu na bee. Nami nikamkubalia, maana na mimi ndivyo nilivyolelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba bahari nyengine huenda ina saa zake. Msichana alitaka kumridhisha mnunuzi wake, akamsihi mzee. Mzee akatazama saa, akawasha sigara, akakaa.

Maji yalikuwa yakitoka. Mume wangu akasema leo yamechelewa tu, sasa hivi yatageuka. Yakazidi kutoka. Kijito tulichopita kikawa mfereji, mfereji ukawa michirizi, na mashua ikaketi juu ya matope ikainamia upande mmoja. Mzee akaruka na upondo kuisukuma. Miguu ilimzama hadi mapajani, tukamvuta wote watatu kumrudisha ndani, na kiatu chake kimoja kikabaki huko. Ikafika saa kumi. Mbele yetu matope, nyuma yetu matope, na tuta liko mbali kama uzi. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Mzee alipiga kelele mara mbili tatu, lakini nani angesikia? Vijiji vyote vilikuwa vinapiga fataki.

Domomwiko wakaruka wakaenda zao.

Ndipo nilipomtazama mikono. Darubini ilikuwa inamgongagonga kifuani. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na sisi wengine tumejikunyata kwa baridi.

"Sukari imeshuka," nikamwambia.

"Niko salama."

"Hebu sema shahada."

"Shahada ya nini? Mie maiti?" Akaanza kugomba, lakini maneno yalimtoka mazito, yakigongana. Nikamuuliza leo siku gani. Akanitazama kwa hasira, kisha kwa woga, siku imempotea. Nimekaa na ugonjwa ule miaka, naujua unavyotembea: kwanza mikono, kisha jasho, kisha ukali, kisha akili inahama, kisha mtu anaanguka na huenda asiamke. Tulikuwa tumefika kwenye akili. Mkoba wangu wa pipi ulikuwa nyuma ya tope lisilopitika. Niliogopa mpaka meno yakaniuma.

Nikamwambia msichana: tamu, kitu chochote tamu, upesi. Akapekua mifuko yake. "Meiyou," akasema, mifuko ameigeuza nje. Hakuna. Sote wawili tukageuka kwa pamoja kuitazama ile sahani.

Msichana akamweleza mzee. Mzee alimtazama mume wangu kwa muda, akaona jasho. Hakubishana. Alipiga magoti mbele ya madhabahu yake, akaunganisha viganja, akanong'ona maneno, nadhani alikuwa anaomba ruhusa. Kisha akaichukua sahani kwa mikono miwili na kunikabidhi.

Nikampa mume wangu kipande cha boga mdomoni. Alikitafuna mara moja, akaona sahani imetoka wapi, akakitema majini, au tuseme matopeni.

"Unanlisha chakula cha sanamu? Nami nimefunga?"

"Mgonjwa ana ruhusa. Msafiri ana ruhusa. Na wewe ni yote mawili. Na anayekufa kwa njaa ameruhusiwa hata mzoga. Kula!"

"Zimebaki siku mbili. Mwezi wote nimefunga... mbili tu... nnazimaliza." Alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Jua lilikuwa bado liko juu ya matete. Magharibi ilikuwa mbali, na sikuamini kwamba ataiona.

Nilimsihi. Nilimtukana pia, na matusi mengine siyaandiki hapa. Nilimwambia nitarudije kwa mama yake na maiti. Hakufumbua mdomo. Macho yalianza kumpanda juu. Mzee akamshika mabega asidondoke, msichana analia.

Hapo nikafanya lile ambalo sikulipanga. Mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimefunga mwezi ule salama tangu siku niliyotoharika, na nilikuwa nikijisifu moyoni kwa funga ile. Nikachukua kipande cha boga, nikakiinua mbele ya uso wake akione, nikakitia kinywani, nikakitafuna na kukimeza. Kilikuwa kitamu kupita kiasi, kama kashata iliyozidishwa sukari, na kilinikaba. Nikachukua cha pili nikala.

"Nimeshakula," nikamwambia. "Jua halijatua, na nimekula. Sasa kwa dhambi huwezi kunipita, wewe una udhuru na mimi sina. Kula na wewe."

Alinitazama. Sijui alikuwa ameelewa kiasi gani. Ila alifumbua mdomo. Nikamtia kipande, halafu kingine, nikamenya chenza na kumkamulia maji yake, huku nikimfuta mate kwa ncha ya mtandio. Alikula vyote vilivyokuwa kwenye sahani. Jasho likakauka polepole. Akaniuliza tuko wapi. Nikamwambia tuko kwenye bahari ya babu yake, tunangojea maji ya saa kumi. Akajaribu kucheka, akalia.

Maji yalirudi baada ya jua kutua, kwa ukimya, kama hayakufanya kosa lolote. Mashua ikajinyoosha, mzee akawasha mashine. Huko tuta lilipo familia yake ilikuwa imetoka na taa kumtafuta, na alipomwona mkewe alianza kupokea maneno kabla hajafunga kamba. Mume wangu alimwendea mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kichina hakuwa nacho, na mzee hakuhitaji.

Idi tuliisali na wenzetu mjini, na hatukumsimulia mtu. Lakini mimi nilikuwa na deni la siku moja, mbali na zile za hedhi, na yeye, kwa ushauri wa shehe tuliyempigia simu nyumbani, akatakiwa alishe maskini badala ya kufunga tena. Hilo la kutokufunga tena ndilo nililoogopa hatalishika, kwani alisema "ndiyo" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitikia madaktari.

Nikailipa siku yangu katika Shawwali, mwezi uliofuata, soko limeshafunguliwa. Alfajiri niliamka nikakuta ameshanipikia daku: uji, mayai, na chai imefunikwa. Akakaa nami mpaka nikamaliza. Nikamwambia, "Na wewe usije ukanifuata." Akakusanya vyombo akaondoka, na mimi asubuhi nzima nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu namjua.

Adhuhuri nilikuwa chumbani nafunga mizigo. Akaingia na mkate na kikombe cha chai. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu hasa, uso kwa uso. Akamega mkate, akatia mdomoni, akautafuna huku machozi yanamtiririka, akameza. Kisha akafumbua mdomo wazi anionyeshe kuwa hakuna kilichobaki, na akamega tena.