Kocha Tidwell na Pai ya Bi Odessa

Hapa Alabama mtu anaweza asijue jina la gavana, lakini jina la kocha wa chuo atalitaja hata akiwa chini ya nusukaputi. Kocha wetu wa Chuo cha Cutler kwa miaka mingi alikuwa Verlon Tidwell, mwana wa fundi matrekta, mwenye shingo nene na machozi ya karibu.

Mpira wetu ni ule wa yai, wa kofia ngumu na vikumbo, na wengi walidhani Verlon anaujua sana. Waliokuwa wakiujua ni wasaidizi wake. Yeye kazi yake ilikuwa kula. Maana kijana hodari, ndugu zangu, hapatikani uwanjani. Hupatikana jikoni kwa mama yake. Kocha huja, husali, hula, na akishiba mtoto ni wake. Verlon alikula kuku wa kukaanga kutoka Mobile hadi Huntsville, na kila alipofikia pai ya viazi vitamu aliweka uma chini, akafuta macho:

"Mama, tangu marehemu mama yangu anitoke, sijaonja pai kama hii."

Mama akalia naye, mtoto akasaini kuichezea Cutler, chuo kikashinda. Watu wakawapa watoto wao jina la Tidwell. Mchungaji akawa anamwombea yeye kwanza, ndipo wagonjwa.

Kisha ikaja misimu miwili ya vipigo, kibaya zaidi kutoka kwa jirani zetu wa chuo cha Bexley. Matajiri wanaoichangia timu wakamwita.

"Verlon, tuletee yule mtoto wa Odessa Pettway anayekimbia kama moto wa nyika. La sivyo, funga mizigo."

Akaenda Jumapili, baada ya ibada. Akamkuta Bi Odessa mezani na mashoga zake wawili.

"Nimefurahi kuwafahamu, akina mama," akasema Verlon.

"Tunafahamiana, mwanangu," akajibu Bi Vernell. "Kwangu ulikula mapaja manne. Goti la Darnell wangu lilipovunjika hukupiga hata simu."

"Kwangu ulibeba na ya njiani," akadakia Bi Ozella.

Pai ilipowekwa mbele ya Verlon, akaikimbilia kama mtu anayezama anavyokimbilia kamba. Uma chini, macho akafuta.

"Bi Odessa, tangu marehemu mama yangu..."

Wanawake watatu wakaangua kicheko hata sahani zikalia.

"Pole sana, Kocha," akasema Bi Odessa. "Marehemu tulikutana naye juzi Selma, kwenye mnada wa mablanketi ya viraka. Alinibishia bei mpaka jasho likanitoka!"

"Hao wa ahera wana nguvu, wewe!" akasema Bi Ozella.

"Ile ni... ni namna ya kusema tu, mama."

Bi Odessa akaacha kucheka. "Na uliponiambia kwenye simu kwamba mwanangu atahitimu, hiyo nayo ilikuwa namna ya kusema? Wa Vernell amevaa joho? Wa Ozella je?"

Verlon akatazama feni ya darini. Feni haikumsaidia.

Jumatano ikawa siku ya kusaini, ambapo kijana huvaa kofia ya chuo anachokichagua. Ukumbi wa shule umejaa, kofia za vyuo zimepangwa mezani, nasi tumebana pumzi. Kijana akaipapasa ya Cutler, tukaanza kupiga kelele. Akamtazama mama yake. Akaiacha, akavaa ya Bexley.

Sisi hapa kocha hatumwandikii barua ya malalamiko. Kabla jua halijazama, bustani ya Verlon ilikuwa imechomekwa vibao vya "Nyumba Inauzwa" kama shamba la mahindi, na katika mstari wa mbele wa wachomekaji walikuwamo baba zao akina Tidwell wadogo. Ijumaa chuo kikamwachisha kazi.

Nyumba ikauzwa kweli. Kaichukua kocha mpya, kijana mchangamfu, anayependa sana kula. Majirani waling'oa vibao kwa uangalifu, wakavipangusa udongo, wakavihifadhi gerejini mwake.

"Usivitupe, Kocha," wakamwambia. "Mbao zake bado nzima."