Kurithi Namba Kumi na Saba

Kabla sijapewa namba kumi na saba nilikuwa mtaalamu wa namba za mbio za pikipiki katika kijiwe chetu cha bodaboda pale Same, upande wa stendi. Utaalamu huo niliupata katika chuo kinachoheshimika sana, yaani kibanda umiza cha kutazamia televisheni, benchi la mbele, nikitazama mbio za Ulaya kwa bei isiyozidi chai na chapati. Wenzangu walikuwa wanakuja kwa ajili ya mpira. Mimi nilikuwa nabaki mpaka mwenye kibanda aanze kufagia miguuni kwangu.

Na kwa kuwa hakuna aliyeniomba niwafundishe, niliwafundisha. Niliwaeleza kwamba kule kwa wenzetu mpanda pikipiki hachagui namba kama anavyochagua soksi. Akishaichukua anaishi nayo. Ipo kwenye kofia yake, kwenye fulana za mashabiki, wengine wameichora mpaka kwenye ngozi. Bingwa anaruhusiwa kuvaa namba moja mwaka unaofuata, ila wapo mabingwa walioikataa wakabaki na namba zao za zamani. Na mpanda pikipiki akifa mashindanoni, namba yake huweza kustaafishwa, mtu mwingine asiivae tena.

"Namba inastaafu?" aliuliza jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri abiria wa basi la Moshi. "Pensheni inachukulia benki gani?"

Kijiwe kizima kikacheka. Hao ndio wanafunzi niliokuwa nao.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa vipuri, ambaye kwa miaka yote alituuzia cheni zinazokatika kabla ya risiti kufifia, akaguswa na upendo wa ghafla kwa vijana. Akatangaza mbio za bodaboda. Mshindi angepata pikipiki mpya kabisa. Niliposikia hivyo sikulala vizuri. Pikipiki niliyokuwa naendesha ilikuwa ya tajiri wangu, mtu mwema aliyenipigia simu kila jioni kuulizia afya ya pikipiki. Afya yangu mimi aliiacha mikononi mwa Mungu. Nilitaka chombo changu mwenyewe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni aibu kusema hivyo.

Ikaundwa kamati. Tanzania hii hata kuchemsha maji tunaunda kamati. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa namba za mashindano, na ndipo tulipogundua kwamba kijiwe kizima kinataka namba moja. Hakuna aliyetaka mbili. Mmoja alisema akivaa mbili mke wake atafikiri ana mke wa pili. Mlokole mmoja alitoa orodha ndefu ya namba ambazo dini yake haimruhusu kuzikaribia, tukabaki tunashangaa kama imemwachia hata moja. Nilijaribu kuwaeleza kwamba namba moja haimpi mtu ushindi, anapewa yule aliyekwisha kushinda. Wakanitazama kwa huruma. Mwishowe kamati ikapata ufumbuzi wa hekima kuu: namba moja apewe mgeni rasmi. Mgeni rasmi hajui kuendesha pikipiki, wala hakuulizwa. Namba ikabandikwa kwenye kiti chake.

Sisi wengine tukaambiwa tuvae namba za reflekta zetu za kijiwe, zile fulana za kung'aa tunazovaa kazini. Kila mtu alikuwa na yake isipokuwa mimi, kwa sababu nilihamia hapo kutoka kijiwe cha sokoni na reflekta yangu haikuwa na namba. Iliyokuwa wazi ni moja tu. Ilining'inia kwenye msumari ndani ya banda la fundi, imekunjwa mara mbili, na hakuna aliyekuwa akiitazama sana.

Ilikuwa ya mwenzetu aliyefariki miaka minne kabla, mvua za masika, akipanda kwenda kwao Myamba, juu milimani. Udongo mwekundu wa ile milima ukilowa hauna urafiki na tairi la mtu. Aliteleza kwenye kona wakati wa jioni, akashuka korongoni na pikipiki yake. Namba yake ilikuwa kumi na saba.

Hapo nikaona nafasi yangu ya kung'ara. Nikasimama mbele ya kamati nikasema namba hii tuistaafishe, kama wafanyavyo wenzetu walioendelea. Nilisema kwa uchungu mkubwa. Nilidhani watanipigia makofi.

Mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima wa Gonja ambaye kichwani tayari ana mvi za kutosha kupewa shikamoo na nusu ya wilaya, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Sasa ukiiweka kabatini, nani ataitwa?"

"Haitwi mtu," nikasema. "Ndiyo heshima yenyewe."

"Basi hiyo ni kumzika mara ya pili," akasema. "Sisi Wapare mtu akiondoka jina lake anapewa mtoto. Tunaliita kila siku, linatumwa dukani, linagombezwa. Hiyo namba tulimwita nayo miaka yote. Inarithiwa. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeileta mezani, utairithi wewe."

Kamati ikaafiki kwa sauti moja. Mimi mtoto wa mjini, Mwislamu wa barabarani, ambaye ukoo wangu wote uliuza vitambaa kandokando ya lami, nikawa nimerithishwa namba kwa mila za milimani. Nilitaka kukumbusha kwamba hizi ni mbio za pikipiki tu. Nikaiona ile pikipiki mpya akilini, nikafunga mdomo.

Mila haifanywi nusu. Ilibidi kwenda Myamba kumwomba mama wa marehemu. Kwa desturi ungechukuliwa mtungi wa dengelua, ile pombe ya miwa, lakini mama alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri asiyetaka hata kuisikia, kwa hiyo tulipanda mlima na kreti ya soda, chupa zikigongana njia nzima. Tukapita ile kona. Mwenyekiti akapunguza mwendo, nasi tukapunguza.

Mama alitupokea shambani, mikono ina udongo wa tangawizi. Mwenyekiti akaeleza kisa chote, mbio, namba, na huyu kijana hapa. Mama akapangusa mikono kwenye kanga. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia, tena bila kulia.

"Siku ile nilimpikia makande. Alisema atafika kabla ya giza. Yalikaa kwenye hotpoti mpaka asubuhi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Nadhani nilikuwa chini ya matarajio.

"Chukua," akasema. "Lakini sitaki ushinde. Nataka ufike."

Katika miaka yangu yote ya benchi la mbele sikuwahi kusikia kocha akimwambia mpanda pikipiki maneno hayo. Nikamwambia, "Nimesikia, mama," kwa adabu zote, huku moyoni nikipanga jinsi ya kushinda.

"Haya, karibu nyumbani, baba," akasema.

Niligeuka kuangalia anasema na nani. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa amerithi jina la babu yake, baba mzazi wa huyu mama, kwa hiyo mama alimwita mwanawe "baba" tangu anazaliwa. Namba imekuja na vyote vilivyomo. Nikawa baba wa bibi aliyenizidi umri mara mbili, na bado mimi ndiye niliyetakiwa kumwamkia.

Kule kwenye televisheni mpanda pikipiki akipata namba anapata na mkataba wa matangazo. Mimi nilipata gunia la tangawizi. Wiki ile ile simu ikaita: "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Tangawizi ipo tayari, uje uipeleke sokoni." Nikaenda. Wiki iliyofuata ilikuwa miguu inamuuma, apelekwe hospitali ya Gonja. Nikaenda. Kisha paa la jiko linavuja, na kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza, anayerithi namba ya reflekta anajulikana kuwa fundi wa mabati. Jumapili moja nilijikuta nje ya kanisa kwenye mnada wa mavuno, mimi ninayeswali Ijumaa, nikishindana na mchungaji kununua jogoo ambaye mama alishamtoa yeye mwenyewe sadaka asubuhi. Nilimshinda mchungaji. Ndio ushindi pekee nilioupata mwaka ule, na jogoo nikaachiwa nimbebe mpaka Same, ananidonoa mgongoni kwenye kila tuta.

Kila aliponiita baba nilimjibu vilevile, kwa utani: "Mama, mimi siye baba. Mimi nimebeba namba tu." Naye kila mara alinijibu, "Haya, baba," na kuendelea na alichokuwa akisema.

Siku ya mbio tulikusanyika kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya mji, mahali pazuri sana kwa mtu asiye na pua. Mgeni rasmi alitakiwa kufika saa tatu. Alifika saa saba, kwa wakati kabisa kwa viwango vya wageni rasmi, akakalia namba moja yake akatuhutubia juu ya umuhimu wa kujali muda. Mama alikuwa amefika tangu asubuhi. Alishuka kutoka Myamba mpaka Same na gari la kwanza, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikaa kwenye jiwe karibu na mstari wa kumalizia, kanga mbili, mkoba wa ukindu magotini. Hakunisalimia. Alikuwa akiitazama namba.

Njia yenyewe ilizunguka uwanja, ikakata kwenye miba, ikashuka kwenye korongo kavu lenye mchanga, ikapanda na kurudi. Mizunguko mitatu. Bendera ikashuka na nikasahau kila kitu. Niseme ukweli, niliendesha vizuri. Nililala kwenye kona kama wale wa benchi la mbele, nikawapita watu ambao miaka yote walinicheka, na kila niliyempita nilimwonyesha kumi na saba apate kuisoma vizuri. Mzunguko wa mwisho alibaki mmoja tu mbele yangu. Pikipiki mpya ilikuwa pale, inang'aa kando ya kiti cha mgeni rasmi, bado ina nailoni kwenye siti.

Tukaufikia mteremko wa korongo. Yule wa mbele akaingia kwa nje, mchanga ukamvuta, na ndani pakafunguka nafasi ya kutosha tairi moja. Kila mtu aliyewahi kutazama mbio anajua kinachofanyika hapo. Unaingia, unakaza mafuta, unamwachia Mungu.

Tairi la nyuma likayumba kidogo. Si sana. Mara mia limeyumba hivyo nikiwa na abiria na sikushtuka. Lakini nikaona hotpoti. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Niliiona hotpoti juu ya meza, imefunikwa, na mtu amekaa pembeni akisikiliza kama kuna pikipiki inayopanda.

Kwa ushujaa mkubwa, nikaachia mafuta.

Na mafuta ukishayaachia mara moja kwenye mbio, woga unakaa siti ya nyuma na hauteremki. Nikapanda lile korongo kama mama mjamzito yuko nyuma yangu. Wakanipita wa tatu, wa nne, wa tano. Yule mlokole akanipita akisema haleluya. Nilipotoka kwenye miba, pikipiki mpya ilikuwa imeshapata mwenyewe na mgeni rasmi alikuwa ameanza hotuba ya pili. Kijiwe kizima kilikuwa kinanisubiri kwenye mstari, wanacheka wameshikana mabega.

"Oya, profesa!" akaita yule wa pensheni. "Hiyo namba kweli imestaafu!"

Nilikasirika. Nilikuwa na hasira na korongo, na kamati, na mila, na hasa na bibi mmoja wa Myamba aliyeniwekea hotpoti kichwani. Nilizima pikipiki nikabaki juu yake nikitazama zile nailoni zikichanwa kwenye siti ya mtu mwingine. Nilijua tajiri atapiga simu jioni.

Mama alikuja polepole, miguu yake ile. Alizunguka nyuma yangu kwanza. Nikahisi kiganja chake mgongoni, kinapita juu ya moja, kisha juu ya saba, kinapangusa vumbi. Kicheko cha kijiwe kikapungua, kikaisha. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia.

Alipokuja mbele yangu alikuwa ameshaitoa ile hotpoti kwenye mkoba na kufungua kifuniko. Alikuwa ameishikilia magotini tangu asubuhi.

"Umechelewa, baba," akasema. "Makande yamepoa."

Nilikuwa na jibu langu la siku zote, lile la kubeba namba tu. Nikaliacha.

"Nimechelewa, mama," nikasema. "Nisamehe. Njia ilikuwa mbaya."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipa kijiko. Nikala makande yale ya baridi nikiwa bado juu ya pikipiki ya tajiri, nimewapa wenzangu mgongo, wabaki na namba waisome, wasiyaone machozi.