Redio Ng'ambo ya Bwawa

Wifi yangu wanamwita Redio. Jina alilipata kiwandani, kwenye jumba la kufumia nguo, alikofanya kazi tangu usichana wake mpaka milango ilipofungwa. Aliongea akifanya kazi, akaongea akila, na mume wangu, ambaye ni kaka yake, huapa kwamba aliongea hata usingizini. Kisha koo likaugua, wakampasua, akapona. Sauti ndiyo haikurudi.

Tangu hapo akawa mtu wa chumbani. Akitoka, mtandio umemfunika shingo hadi mdomo. Wageni walimpigia makelele utadhani kilichoharibika ni masikio. Akiulizwa jambo, mimi ndiye niliyejibu. Niliogopa sana. Mtu aliyeishi kwa maneno, ukimnyima maneno, unamwona anakwisha huku chakula anamaliza.

Kiwanda siku hizi kinatunzwa kama jengo la kihistoria, na uwanja wake umekuwa bustani ya watu wote. Nikasikia kuna mchezo wa kusaka hazina: unapewa fumbo, linakupeleka kwenye fumbo jingine, mpaka upate kisanduku kilichofichwa. Nikamburuta wifi. Alikuja shingo upande, lakini alikuja.

Mafumbo ya mwanzo hayakutusumbua. La mwisho likasema: "Nilikula moto ili wengine wafanye kazi." Nikasema hilo ni bomba la moshi, lile refu la matofali. Wifi akatikisa kichwa, akaonyesha upande wa pili wa bustani. Nikamwambia haiwezekani. Akaonyesha tena. Nami, mbishi wa kuzaliwa, nikamshika mkono nimvute. Akauchomoa, akaenda zake.

Chini ya bomba nilikuta sisimizi tu. Nikageuka kumtafuta, hayupo. Kwenye mawaridi hayupo, chooni hayupo. Katikati ya bustani kuna bwawa refu lililokuwa likilisha kiwanda maji, na kingo zake zina utelezi. Hapo moyo ukanilipuka. Wifi akitumbukia, hata kuomba msaada hawezi.

Nikakimbilia benchi alipoketi mzee mmoja wa waandalizi. Zamani alikuwa akitia mashine za kiwanda mafuta, na mpaka leo huitwa Mzee Mafuta. Sijamaliza kumwambia namtafuta Redio, akanyoosha kidole ng'ambo ya maji.

"Si yule pale, kwenye boila?"

Wifi alikuwa amesimama kando ya lile tangi kuukuu la kuchemshia maji, kisanduku kwapani, mtandio umeshuka mabegani. Midomo yake ilikuwa inakwenda mbio. Mzee Mafuta akaangua kicheko.

"Anasema uache kukimbia, utavunja kiuno. Hazina anayo yeye. Tena anasema kwa ubishi umemshinda punda."

Nikamwambia mzee kwamba wifi yangu hana sauti.

"Redio? Tangu lini?"

Alikuwa hajui. Akanieleza kwamba mle ndani mashine zilinguruma hata usisikie sauti yako mwenyewe, kwa hiyo wafanyakazi wote walisomana midomo. Walisengenyana hivyo kutoka ukuta hadi ukuta, na hakuna aliyemfikia Redio. Sisi wa nyumbani hatukuwahi kuujua ustadi huo. Angetufunulia mdomo kwa ajili ya nini, na hatujui kuusoma?

Basi mzee akamjibu bila kutoa sauti, naye akajibu, wakaendelea hivyo, umbea wa miaka yote hiyo ukipita juu ya maji, wifi akishika mbavu kwa kicheko. Wifi yangu alikuwepo, mzima. Nikakaa kwenye benchi, nikalia kwa jinsi nilivyotua mzigo.

"Anauliza nani kafa," mzee akasema.

"Mwambie hakuna."

"Mwambie mwenyewe. Anakuona."

Nikafuta macho. Nikafungua mdomo polepole, bila sauti: hakuna, wifi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kunieleza mambo, mengi, mfululizo, na sikuambulia hata neno moja. Sikumkatiza.