Mzungu Aliyepunguziwa Maji

Juma lililopita, tukiwa mnadani Kisaka, alifika Mzungu aliyeharibikiwa na gari akienda kutazama wanyama. Alikuwa akihema kwa kiu. Mama muuza ndizi akamjazia kikombe cha bati maji, akampa kwa mikono miwili.

"Bei gani?" akauliza Mzungu.

"Maji hayauzwi, bwana."

"Ghali! Punguza!"

Mama akatutazama, akakichukua kikombe, akamwaga nusu chini, akampa tena. Mzungu akanywa, akafuta masharubu, akatukonyeza kama mtu aliyemshinda mwenye duka.

Nadhani aliyemfundisha Kiswahili cha kununulia alisahau kwamba hata huku kwetu kuna vitu visivyouzwa. "Asante" hatukuisikia.

"Bahati yake," mama akasema akipanga ndizi, "hakuniambia nipunguze tena."