Siku Baba Alipojipiga Kifua

Babangu simheshimu. Nitukaneni mkitaka, lakini someni kwanza.

Alhamisi ile Rispah, mhudumu wa afya wa mtaa wetu hapa Waa, alikuja na simu yake ya kazi. Unajibu maswali, simu inakadiria hatari yako ya kupata saratani ya matiti. Wenye hatari kubwa huanza kuchunguzwa mapema.

"Mama Elijah, kwa familia yenu kuna mwenye alipata kansa ya matiti?"

"Hakuna."

Kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama. Nilimhesabu mama, nikawahesabu dada zake, wote wazima. Watu wa baba hata hawakunijia akilini. Baba mwenyewe alikuwa kando yangu, anakunywa chai yangu.

Simu ikasema hatari yangu ni ya kawaida. Nikafurahi, mjinga mimi.

"Na upande wa baba je?" Rispah akauliza.

Nikamkumbuka shangazi Jumwa. Alikufa na miaka thelathini na sita, titi limeoza.

"Jumwa alirogwa!" baba akadakia. "Na hicho kisimu chako ni ramli tu. Upuzi mtupu!"

Huyu ndiye aliyempeleka dadake kwa waganga watatu, hospitali hakumpeleka hata moja. Leo ana mdomo.

Rispah akajaza upya. Hatari ikapanda.

"Na wanaume pia hupata. Mzee Randu, wewe hujaona uvimbe wowote?"

"Mimi? Nina matiti mimi? Mimi ni mwanamume!"

Akajipiga kifua kwa ngumi, pu!

Akajikunja, akalia. Doa la damu likatanda kwenye shati, upande wa kushoto.

Nilimvua lile shati kwa nguvu. Kando ya chuchu palikuwa na kidonda, kimebandikwa majani.

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka juzi."

Mwaka juzi! Alinisikia nikijibu "hakuna", akanyamaza, akamaliza chai.

Hospitali wamethibitisha ni saratani. Mimi nimepigwa picha ya matiti, niko salama, nami nitarudi kila mwaka. Na yeye? Wageni wakimuuliza anaumwa nini, anajibu kutoka kitandani, "Jipu tu."

Jipu!

Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, ajifiche. Lakini na sisi wenye damu yake alikuwa anatuficha hatari yetu.

Ukiulizwa habari za ukoo, taja kwa mama na kwa baba, wake kwa waume. Elijah wangu nimeshamfundisha jibu lake: bibi Jumwa, na babu Randu.