Tuligawana Vidonge vya Waume Zetu, na Mmoja Tumemzika

Aliyetuandikia barua hii yuko Shinyanga. Ameomba tumfichie jina, nasi tumeyaficha majina yote. Maneno ni yake mwenyewe.

Wasomaji wa ukurasa huu, shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka ishirini na minne, nina mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwandiko mnisamehe. Niiteni Mama Limi. Mume wangu amenipita mbali kwa umri. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu, mtu wa kubeba kiroba cha mawe begani huku anapiga mluzi.

Mwaka juzi mgongo ukaanza kumuuma. Tukasema ni vile viroba. Siku moja alipiga chafya tu, ubavu ukavunjika. Hospitali walimchoma sindano nene kwenye nyonga, wakanyonya uboho, wakatuambia ni saratani inayokaa ndani ya mifupa na kuila. Nilikuwa namnyonyesha mtoto niliposikia hayo, nikaendelea kumnyonyesha. Sikulia. Mpaka leo sijalia, sijui machozi yamekwenda wapi.

Daktari alitueleza kwamba kuna dawa inajaribiwa. "Kuna vidonge vyeupe, vya siku zote. Na kuna vya njano, vipya. Hatujui bado vipi ni bora, ndiyo maana tunajaribu." Nani apewe vipi, hachagui daktari wala mgonjwa, bahasha iliyofungwa ndiyo inayosema. Mume wangu akaweka dole gumba kwenye karatasi, bahasha ikafunguliwa, akapata vyeupe.

Mgonjwa mwenzake, Baba Shija, mkulima wa pamba wa Bukombe, akapata vya njano. Yeye na mkewe tulipanga nao nyumba moja Ngokolo ili kliniki iwe karibu. Jiko moja, sufuria moja, leo anapika Mama Shija kesho mimi. Ni mtu mzima, mimi namwita mayu kama mama aliyenizaa. Asubuhi tuliwatoa waume zetu barazani waote jua, nao wakawa wanataniana.

"We mchimbaji," Baba Shija alimwambia, "umetoboa ardhi ya watu miaka yote, sasa madaktari wanatafuta dhahabu kwenye nyonga yako."

"Dhahabu wamekupa wewe," mume wangu akajibu. "Si unaona ya njano? Mimi wamenipa chokaa."

Wakacheka huku wameshika mbavu, maana hata kucheka kuliwauma. Lakini mimi hilo neno la chokaa lilinikaa moyoni. Mama Shija akaniona.

"Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "tunakula sahani moja. Iweje kwenye dawa mmoja ale nyama, mwingine arambe mchuzi? Tugawane."

Nikamwambia, "Mayu, daktari alikataza kuchanganya."

"Daktari anakaa peke yake na sahani yake. Sisi tunaishi pamoja."

Baba Shija mwenyewe akasema kutoka barazani, "Mpeni mchimbaji dhahabu yake!" Basi tukagawana. Vidonge humezwa siku nne mfululizo, halafu mgonjwa anapumzika mpaka mwezi unaofuata. Tukawa tunawapa wote wawili siku mbili vyeupe, siku mbili vya njano. Niliona ni haki kabisa, nililala vizuri. Kila kliniki daktari aliniuliza, "Amemeza vyote?" Nami namjibu, "Vyote, daktari." Chupa tupu ninayo mkononi.

Sasa mume wangu anatembea mpaka bombani na anambeba mtoto. Baba Shija alizidi kudhoofika, na mwezi uliopita alifariki. Tulimzika kwao Bukombe. Nilisonga ugali wa waombolezaji wote, mikono yangu nikaiona kama ya mtu mwingine. Baada ya mazishi Mama Shija alinishikisha vidonge vya njano vilivyobaki. "Chukua, wangu hana kazi navyo. Ila usimwambie daktari. Watasema nilimuua kwa kugawa dawa yake."

Juzi kliniki daktari alifurahi sana kumwona mume wangu. Akanionyesha daftari. "Mumeo namwandika upande wa vyeupe, amepata nafuu. Marehemu upande wa njano. Tukimaliza wote, ndipo tutajua wagonjwa wanaokuja wapewe nini." Pale benchi nje walikaa wagonjwa wapya watatu, mmoja ni mama kama mimi, mtoto mgongoni. Nilimsalimia nikapita.

Nikisema, naogopa mume wangu atatolewa kwenye majaribio, na Mama Shija hatainua tena uso wake mbele za watu. Nikinyamaza, yule mama wa kwenye benchi atapewa dawa kwa kufuata uongo wangu. Na sijui ni dawa zipi zilizomsimamisha mume wangu, wala kama zile tulizozichukua ndizo zingemponya mwenzake. Nimemuuliza mume wangu, akageukia ukutani. "Fanya uonavyo, Mama Limi. Mimi nimeshakula fungu la marehemu."

Vya njano niko navyo kwenye kopo la maziwa, vya siku mbili tu. Bado nina tumaini, kwa sababu jana alipiga mluzi, ule wa zamani, na mtoto akageuza kichwa kumtafuta. Lakini kliniki inakuja, na daktari ataniuliza tena kama amemeza vyote. Mama zangu, dada zangu, nipeni shauri kabla ya siku hiyo. Nimjibu nini?