Bukari Ambayo Televizyo Ilikataa Kupakua

Urbain Kaumba alikuwa mtu wa reli, ila reli yenyewe ilikuwa imelala. Kazi yake pale Kamina ilikuwa kugeuza njia: treni ya Kananga ipite huku, treni ya Kabalo ipite kule. Mwaka ule wa 1999, kwa sababu ya vita, treni zilimheshimu sana, hazikumsumbua hata kidogo. Lakini kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi, akaenda kupaka mafuta vyuma vya kugeuzia njia, akarudi nyumbani na mikono myeusi kama mtu aliyepitisha treni tele.

Siku moja nilimuuliza: "Urbain, ile mafuta ni ya treni gani?"

"Ya ile itakuja siku vita itaisha, Papa Sefu. Unataka inikute muchafu?"

Mimi ni mzee wa kutembea. Nauza sindano, uzi na chumvi kidogo, toka Malemba-Nkulu mpaka Kabongo, na nikifika Kamina ninalala barazani kwa Urbain. Ndiyo maana haya yote niliyaona mwenyewe.

Nyumba yake ilikuwa na televizyo, na kwenye avenyu yote ni hiyo tu iliyokuwa ingali inasema, kwa sababu Urbain aliilisha bateri ya kamyo, gari kubwa la mizigo. Mji nao ulikuwa na kituo chake cha televizyo, nyumba ndogo yenye mlingoti mrefu, mali ya bwana mmoja ambaye hakuna aliyejua pesa yake inatoka wapi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufa kwa kuuliza. Kituo kile kilituonyesha mambo mazuri: direkteri wa kituo akitusalimu, direkteri akifungua semina, direkteri akifunga semina. Halafu, nafikiri kwa bahati mbaya, kikatuonyesha kitu kizuri kweli.

Kilikuwa mchezo wa kuigiza wa watu wa hapa hapa, kwa Kiswahili chetu, kila siku ya nne, yaani Alhamisi, mangaribi jua likizama. Jina lake "Kwa Mama Dunia". Mama Dunia ni mjane anayeuza samaki. Wanaume wawili wanamtaka, mashinisti anayeendesha treni na mchuuzi wa mihogo mwenye tumbo, na kila mmoja anakuja kukaa mezani kwake kama nyumba ni yake. Basi. Hakuna bunduki, hakuna semina. Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba hawakula.

Katika wakati huo huo mama mkwe wa Urbain, Ndaya, akaingia Kamina kwa mguu toka upande wa Kabongo, akikimbia vita, na mzigo kichwani na kuku mmoja mkononi. Kuku alikuwa amechoka kuliko yeye.

Sasa kwa Baluba, watu wa kabila lao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Ni heshima, wanaiita buko, na mimi mtu wa Maniema nimeizoea. Lakini vita haikupiga hodi kuuliza desturi za watu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Lucienne, bibi ya Urbain, akatundika kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, katikati ya sebule, toka meza ya televizyo mpaka ukuta wa nyuma. Mama yake apite mlango wa jikoni, akae kushoto. Bwana yake apite mlango wa mbele, akae kulia. Televizyo peke yake ilikuwa na ruhusa ya kuwatazama wote wawili.

Ndaya hakupenda. Siku ya kwanza alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Mama anakula kwa mukwe wake sawa mutoto mudogo? Haya gani hii? Minyi ntarudia Kabongo."

"Mama, kule kuko bita," Lucienne akasema.

"Bita iko na haya kupita ninyi. Kesho ninaenda."

Na Lucienne akamwambia bwana yake wazi: mama akienda, hawezi kumuacha atembee peke yake. Wataenda wawili. Urbain akanitazama mimi, kama vile sindano zangu zingeweza kushona jambo lile.

Kesho yake ilikuwa siku ya nne. Ndaya alikaa kusubiri jua lipoe ili afunge mzigo, televizyo ikawashwa, Mama Dunia akatoka. Ilipoisha, Ndaya akasema ataenda wiki ijayo, akisha kuona kama yule mchuuzi atarudisha kiti alichovunja. Wiki ile kiti kilirudi, lakini mashinisti akapotea. Haikufaa kwenda bila kujua amepotelea wapi. Hivyo ndivyo mjane wa uongo alivyomzuia mjane wa kweli asirudi vitani, kazi ambayo majeshi ya nchi kadhaa yaliyokuwa yanapita Kamina hayakuiweza.

Na wakaanza kusemezana, wale wawili. Si uso kwa uso, hapana! Waliambia televizyo.

"Ee televizyo," Ndaya alisema upande wake, "ule mashinisti wako ananuka moshi. Mwanamuke muzuri ataolewa na moshi?"

"Televizyo," Urbain akajibu upande wake, "ambia ule anasema, moshi inatoka na maji. Lakini ile tumbo ya muchuuzi itatoka na nini?"

Kikwembe kikatikisika. Mama mkwe alikuwa anacheka na mkono mdomoni. Lucienne, katikati ya pande mbili na sahani ya karanga, alicheka kwa niaba ya wote.

Siku ya nne moja mchezo uliishia pabaya. Wanaume wote wawili wako mezani. Mama Dunia anatoka jikoni na bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Anasimama. Yule atakayepakuliwa kwanza ndiye bwana, kila mtu anajua. Anainua mwiko, anamtazama huyu, anamtazama yule, na pap, mwisho, mpaka wiki ijayo. Wiki ile yote sokoni watu waligombana juu ya mwiko. Ndaya alikuwa wa mchuuzi kabisa. Urbain, ni lazima niseme alikuwa wa nani?

Siku ikafika. Televizyo ikawashwa mapema, bateri imejaa. Badala ya Mama Dunia, wakatoka askari. Walikuwa wanatembea kwenye kiwanja cha ndege, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, na fanfari ya tarumbeta nyuma yao. Tukangoja wapite. Hawakupita. Walifika mwisho wa kiwanja, wakageuka, wakaanza upya.

Sasa watu wa Kamina wana akili moja: picha ikiharibika, kosa ni la antena. Hakuna anayefikiri kwamba kosa ni la direkteri. Kwenye avenyu nzima, hata wale ambao televizyo zao zilikufa zamani, waliposikia kelele zetu walitoka kwenda kugeuza mianzi ya antena zao. Urbain akatoka mlango wa mbele, mbio. Ndaya akatoka mlango wa jikoni, mbio vilevile, kwa sababu hakutaka kungoja mtu wa reli ambaye treni zake hazifiki. Mwanzi wa antena ulikuwa kwenye kona ya nyumba. Huyu akaushika toka huku, yule toka kule, mkono juu ya mkono, na macho ndani ya macho.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia hivyo. Urbain aliruka ua wa jirani. Ndaya alijifungia jikoni na kanga kichwani. Na kwenye televizyo askari waliendelea vizuri sana, kushoto, kulia.

Kisha akatoka msemaji wa kituo na karavati shingoni, akatangaza kwamba kwa ajili ya hali ya taifa, programu zimepangwa upya, na "Kwa Mama Dunia" haitaonekana tena.

Jikoni nilisikia kamba ikivutwa. Ndaya alikuwa anafunga mzigo. "Nimeshika mukono ya mukwe wangu," alimwambia Lucienne, "na ata bukari siyione. Ninakaa hapa juu ya nini? Kesho kukipambazuka."

Lucienne naye akaanza kufunga wake.

Nilimkuta Urbain nyuma ya ua wa jirani. Usiku ulikuwa bado mchanga, tukaenda pamoja kwenye kituo cha televizyo. Direkteri, bwana Noé, alitupokea kwa adabu kubwa, maana hakutuonyesha kiti ili tusichoke kukaa.

"Papa," alisema, "emisyo, ule muchezo, haikufutwa. Iko suspendue. Itangoja mpaka vita ipite."

"Sawa na treni," Urbain akasema.

"Njo vile! Na tena, nikuambie kweli, kuko komanda mumoja alifikiri ule muchuuzi wa tumbo njo yeye. Taifa iko katika vita, papa, na bantu banabishana juu ya bukari?"

"Direkteri, sitabishana. Uniambie kintu kimoja tu, nirudie nyumbani: alipakulia nani?"

Noé akashangaa. "Minyi? Minyi siangaliaka televizyo."

Nje, kwenye ngazi, tulimkuta Florent, yule kijana aliyecheza mashinisti, amebeba kofia yake ya mchezo kwenye mfuko. Urbain akamshika mkono kama ndugu wa kazi. "Weye unajua. Mwiko ulienda wapi?"

"Papa, sisi wenyewe hatujui. Tulikuwa tunasikia kwanza soko inasema nini, njo tunacheza."

Basi hapo ndipo nchi ilipofika: hata waliotunga hawakujua mwisho.

Tuliporudi, Urbain alikamata jogoo wake mkubwa, akanipa mimi nimpelekee Ndaya. Hivyo ndivyo kosa la kutazamana linavyofunikwa, na mpelekaji lazima awe mtu wa nje. Ndaya alimpokea jogoo. Mzigo wake ulikuwa umesimama mlangoni, umefungwa vizuri mno. Jogoo akafungwa juu ya mzigo. Nikaona kazi yangu imezidisha mizigo tu.

Urbain akaingia sebuleni kwa upande wake. Askari walikuwa wangali wanatembea. Akazima sauti. Akakaa. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kugeuza chuma kizito.

"Televizyo," akasema, "umwambie ule anaenda Kabongo: tumetoka kwa direkteri. Mwisho tumeujua. Mama Dunia alimupakulia mashinisti."

"Na muchuuzi alilia," Urbain akaongeza. "Alilia mpaka akaomba maji."

"Bongo! Uongo mutupu!" Mlango wa jikoni ukafunguka, Ndaya akaingia upande wake, kikwembe kikapeperuka. "Televizyo, unasema bongo! Ule mwanamuke iko na akili. Anaona muchuuzi iko na muhogo ndani ya nyumba. Mashinisti iko na nini? Filimbi!"

"Alimupakulia mashinisti. Na nyama juu."

"Nyama gani? Walikuwa na sombe, minyi niliona! Lucienne, leta kiti. Huyu televizyo haelewi kintu. Ngoja nimueleze. Angalia ule pale mbele, mwenye tumbo," na akaonyesha ofisa aliyekuwa anaongoza gwaride. "Njo muchuuzi. Anaenda wapi? Anaenda kwa Mama Dunia. Sikia anasema nini."

Na akamsemesha. Ofisa alifungua mdomo kwenye picha kutoa amri, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Ndaya, nene, akiomba bukari kwa unyenyekevu. Askari wote wakageuka kushoto. Urbain, kwa sauti ya mashinisti, akawaambia wanakosea njia, mihogo iko kulia. Wakageuka kulia. Lucienne alianguka kwenye mkeka. Kwa saa hiyo nzima jeshi lilimchumbia mjane, na mwiko haukushuka.

Asubuhi mzigo ulikuwa palepale mlangoni, lakini kamba ilikuwa imetolewa kumfungia jogoo mtini, asiende mbali.

Nilipita tena Kamina baada ya mvua kuisha. Siku ya nne mangaribi sikupata nafasi barazani kwangu, palijaa watu wa avenyu, wengine madirishani, wengine juu ya ua. Ndani askari walitembea bila sauti, na nyuma ya kikwembe Ndaya alikuwa amekwisha kuwapa wote majina, mabibi wa nyumbani na madeni ya samaki. Mkwe wake alimjibu toka upande wa pili, bila kumtazama, kwa heshima zote.

Bwana Noé alisikia kwamba kuna avenyu moja ambayo watu wake wanakusanyika kila wiki kushangilia gwaride. Alifurahi sana. Alitoka yeye mwenyewe kwenye televizyo, akasifu upendo wetu kwa taifa, akaahidi kutuongezea saa moja ya askari kila siku ya nne.

Ndaya alipiga makofi kuliko watu wote.